Kichwa cha Msusi

Binti yangu wa mwisho ni msusi, na wateja wanamwita Vidole. Jina alilopewa na baba yake wanalijua wachache. Ukimkalisha mtu mbele yake, anagawa nywele kwa mkia wa chanuo mara moja tu, na mstari unanyooka kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni kama umepigwa kwa rula. Halafu vidole vinaingia kazini, mdomo nao unaendelea na mambo yake. Nimewahi kumwona akisuka kichwa kizima huku akimsimulia mteja harusi aliyohudhuria, kuanzia mavazi mpaka ugomvi wa wakwe, na asikosee hata msuko mmoja.

Saluni anayofanyia kazi ni chumba kimoja. Kuna viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa pembeni, draya moja inayounguruma kama ina kifua, na benchi la kusubiria. Wasusi ni watatu. Mwenye saluni ni mama wa makamo kama mimi, hukaa mlangoni na hakuna mtu anayepita asimjue anatoka wapi. Jumatatu wateja huwa haba, kwa hiyo Jumatatu ni siku ya kujaribu mitindo. Wasusi wanasukana wenyewe kwa wenyewe, wanapiga picha, nyingine zinabandikwa ukutani na nyingine zinatumwa kwenye simu za wateja. Kwa kuwa binti yangu ana uso mdogo na shingo ndefu, kichwa chake ndicho kilichochaguliwa kuwa bango la saluni. Kila Jumatatu kinafumuliwa na kusukwa upya, tena kinakazwa kuliko kichwa cha mteja yeyote, maana nywele zilizokazwa ndizo zinazong'aa pichani. Alifanya hivyo miaka sita, na sikumbuki Jumatatu ambayo kichwa kile kilipumzika.

Mimi nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, na kazi hiyo imenifundisha kusoma foronya. Naweza kukwambia aliyelalia hii alilia, na huyu alilala na mafuta usoni, na yule meno yalimtoka damu. Basi siku moja nikifua nguo za nyumbani nikakuta foronya ya Vidole ina madoa ya manjano, kama chai iliyomwagika ikakauka, na ndani ya madoa vitone vya damu. Nikafua, nikaanika. Wiki iliyofuata madoa yakarudi mahali palepale.

Nikaanza kumtazama. Mtu aliyesukwa hakuni kichwa, anakipiga kwa kiganja ili asiharibu mistari. Sisi wanawake sote tumefanya hivyo. Lakini huyu wangu alikuwa anapiga akila, anapiga akiongea na simu, anapiga akifunga viatu. Siku moja tukiwa mezani nikahesabu: mara kumi na tisa kabla sahani haijaisha. Baadaye akaacha kuvua kitambaa hata ndani ya nyumba. Mwishowe akaja na wigi, lile la kubandika kwa gundi mbele.

"Mbona wigi mpaka jikoni?" nikamwuliza.

"Fasheni, mama."

"Fasheni ya kuoshea vyombo?"

Akacheka, akanipa mgongo. Mtoto akikupa mgongo wakati anacheka, jua hajacheka.

Jumapili moja nikafunga mlango wa chumba chake nikiwa ndani. Nikamwambia, "Mimi sitoki na wewe hutoki. Vua nione." Akabisha kidogo, halafu akakaa kitandani, akaanza kulibandua lile wigi taratibu, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda kibichi.

Panja zote mbili zilikuwa wazi, upana wa vidole viwili. Pale nywele zinapoanzia kulikuwa na vipele vidogo kama mtama, vingine vina ncha nyeupe. Palipopita gundi ngozi ilikuwa imelowa na kuchubuka. Na utosini, alipoinama, nikaona duara lisilo na unywele hata mmoja, ukubwa wa kifungo cha shati, laini na linang'aa kama kucha.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Inauma?"

"Jumatatu nalivua wenzangu wanisuke na kupaficha pichani, na nikitoka hapo inauma mpaka nyusi. Nameza vidonge vya kichwa."

"Na hukusema."

"Niseme nini, mama? Msusi ana kipara? Nani atanipa kichwa chake?"

Mtoto wangu hakupenda shule, wala shule haikumpenda, na hivyo vidole ndivyo alivyojaliwa. Nywele zake zingeenda moja kwa moja, na kazi ingezifuata. Hilo alilijua kabla yangu, na alilibeba peke yake chini ya wigi.

Sasa nieleze kosa langu, maana sikumkimbiza kwa daktari. Nilimkimbilia jirani yangu mshonaji. Yeye alikuwa na kikopo cheupe kisicho na maandishi, dawa ya kupaka iliyochanganywa na mtu sokoni, na kilimwondolea muwasho wa shingo. "Ngozi ni ngozi tu," aliniambia, sindano mdomoni. "Mpake, utaniletea asante." Nikampaka mwanangu kwa mkono wangu, asubuhi na jioni. Siku ya tano muwasho ukaisha. Nikatembea nimenyoosha mabega, nikamsifu jirani, nikanunua kikopo cha pili.

Tuliporuka siku mbili, muwasho ulirudi kwa hasira. Tukipaka, unatulia. Kwa hiyo tukazidi kupaka. Baada ya kama miezi miwili ngozi ya pembeni mwa paji la uso ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa midogo myekundu inaonekana, na vipele vikashuka mpaka kwenye nyusi. Lile duara la utosini halikuwa tena kifungo cha shati. Lilikuwa limekua kama kizibo cha chupa.

Siku iliyotufungua macho, nilikuwa nimempelekea chakula cha mchana saluni. Draya ilikuwa inawaka, chumba kina joto, na gundi ya wigi ikaanza kuachia upande wa kushoto. Kwenye kiti alikuwepo mteja mmoja, mwuza vitambaa, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Alikuwa anamtazama Vidole kwenye kioo.

"Fundi, nikuulize bila ubaya. Hicho cha kwako kimesukwa na nani?"

"Kwa nini, dada?"

"Nimjue, nimkwepe."

Benchi zima likacheka. Vidole naye akacheka, akalisukuma wigi kwa kiwiko bila kuacha kusuka. "Kinyozi hajinyoi, dada yangu."

"Wewe umejinyoa, naona mpaka ngozi."

Akamaliza kile kichwa. Mistari ilinyooka kama kawaida yake. Halafu akatoka uani, nikamfuata, nikamkuta amesimama karibu na bomba ameshika wigi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba ndoo. Hakuwa analia. Akasema, "Mama, kesho tutafute mtu anayejua."

Tulianzia zahanati. Tabibu alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, lakini aliwasha tochi akatazama sana. Akasema mba angeweza kuutibu, kuna sabuni yake ya kuoshea nywele. Mapunye ya watoto angeweza, vidonge anavyo. Upele, chunusi za kawaida, ukurutu wa mikunjo ya mikono, hayo ni mambo yake ya kila siku. "Wengi nawapa dawa, baada ya wiki mbili siwaoni tena, na hiyo ndiyo asante yao," akasema. "Lakini nywele zinazotoka na kuacha ngozi inang'aa, pamoja na maumivu na usaha, sizichezei. Hii haingoji. Nawaandikia barua, mwende kwa daktari wa ngozi." Halafu akaniuliza mimi, "Mmekuwa mkipaka nini?"

"Mafuta tu," nikasema.

Vidole alinitazama, lakini hakunisaliti.

Daktari wa ngozi alikuwa anapatikana hospitali kubwa siku za Jumatano, na zamu yetu ilikuwa baada ya wiki mbili. Jumanne ile, kabla ya kwenda, tukafanya jambo ambalo nadhani msusi na mfua mashuka tu ndio wanaoweza kulifanya. Mimi sijawahi kumpeleka mtoto kwa daktari akiwa mchafu. Nguo ya ndani mpya, kucha zimekatwa, masikio yamesafishwa. Na Vidole hajawahi kumwonyesha mtu yeyote kichwa kisichotengenezwa. Basi saluni nzima ikashuka kumwandaa. Wakamwosha mara tatu. Wakamtoa magamba yote kwa chanuo, wakamkamua na vipele. Wakampaka mafuta, wakamsuka misuko midogo ya kuficha utosi, na yule msusi wa kiti cha pili akachukua wanja wa nyusi akajaza panja zote mbili, unywele kwa unywele, kwa ustadi ambao ungedhani ameziotesha. Mwenye saluni akasema, "Huyu daktari akimwona atataka na yeye asukwe." Nikapiga pasi kitambaa cha kujifunga njiani.

Daktari alikuwa mama mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Akamkalisha Vidole, akachukua kilenzi chake chenye taa, akakiweka kwenye panja ya kulia. Akatazama. Akahamia ya kushoto. Akavua miwani, akaipangusa, akavaa, akatazama tena. Kisha akapitisha kidole na kukikuta cheusi.

"Nani amefanya kazi hii?"

"Mwenzangu wa saluni," Vidole akasema kwa sauti ndogo.

"Ana mkono mzuri. Mwanangu, mimi nilitaka uniletee ugonjwa, umeniletea sherehe."

Nesi wake, binti mrembo aliyesukwa misuko mirefu ya kuvutia, akageukia dirishani ili asicheke. Mimi nilitamani sakafu inifunike.

Daktari hakuwa mkali. Alieleza kwamba magamba tuliyoyatoa yalikuwa na la kumwambia, vipele tulivyovikamua vilikuwa na la kumwambia, na mafuta yameziba alichotaka kukiona. Hata kumkwangua kupeleka maabara asingeweza siku hiyo. "Rudini Jumatano ijayo. Nywele ziwe wazi, hazijasukwa, hazina mafuta wala wanja. Siku mbili za mwisho usioshe. Wigi na gundi acha leo. Na mje na kila kitu kilichowahi kugusa kichwa hiki. Nimesema kila kitu, mama." Mwisho alinitazama mimi, na nikajua kuna watu wanaosoma nyuso kama mimi ninavyosoma foronya.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Vidole alikwenda kazini amejifunga kitambaa cha pamba kilicholegea, na kila mteja aliyeuliza alijibiwa, "Nipo kwenye matibabu." Nilikuwa naogopa watamkimbia. Wawili walikimbia. Wengine wakaanza kunong'ona naye, na kunong'ona kwao kukawa hivi: hata mimi huku nyuma panauma, hebu niangalie.

Jumatano tukarudi na mfuko uliojaa. Vidole akaanza kupanga mezani vilivyomo: mafuta ya aina saba, gundi ya wigi, dawa ya kulainisha nywele, sabuni tatu, maji ya mchele, maji ya kitunguu. Daktari akawa anasoma kila chupa. Mfuko ulipoisha akaniangalia akingoja. Mkono wangu ukaingia kwenye pochi wenyewe, ukatoa kile kikopo cheupe.

"Hiki nilimpaka mimi," nikasema. "Na zahanati nilidanganya."

Akakifungua, akanusa, akakigeuza akitafuta maandishi ambayo hayakuwepo. Aliniambia dawa za namna hii mara nyingi huwa na kitu kikali kinachotuliza muwasho haraka. Dawa hizo zipo hospitalini pia, na yeye mwenyewe huzitoa, lakini kwa kipimo, kwa muda, mahali maalumu. Ukipaka hovyo zinakondesha ngozi na kuufunika ugonjwa, nao unaendelea kutembea chini kwa chini huku wewe unashukuru. "Hukufanya kwa ubaya," akasema. "Ila dawa isiyo na jina usimpake mtu unayempenda. Wala usiyempenda."

Kisha akaweka kilenzi, na safari hii akatazama kwa muda mrefu. Vidole alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu.

"Zitaota?" Vidole akauliza, macho bado amefumba.

"Njoo uone mwenyewe." Akapiga picha kupitia kile kilenzi, akamwonyesha kwenye simu. Unywele hutoka kwenye kitundu, akaeleza. Kwenye panja vitundu bado vilikuwepo, vimechoka na vimevimba kwa kuvutwa miaka yote, lakini vipo. Ukiacha kuvivuta, ukatuliza uvimbe, vingi hurudi kazini. "Utosini ni habari nyingine. Hapa katikati sioni vitundu. Palipofungika kabisa siwezi kukuahidi. Tunachopigania ni pasiongezeke. Ungekuja mwaka jana ningekuwa na maneno matamu zaidi. Ungekuja mwaka kesho, ningekuwa na machungu."

Akachukua kipande kidogo cha ngozi ukingoni mwa lile duara, kama punje ya mchele, baada ya sindano ya ganzi, akashona nyuzi mbili. Majibu yalipotoka yalithibitisha: ni makovu yanayoziba vitundu, na uvimbe bado upo ukingoni. Siyo ugonjwa wa kuambukiza, siyo saratani. Nilimwuliza la kuambukiza mara tatu, kwa sababu ya wateja. Mara ya tatu akanijibu, "Mama, hata ukibadilisha sauti jibu ni lile lile." Akampa vidonge, dawa ya maji ya kupaka kwa wiki alizoziandika, na sharti la kutosukwa kwa kukazwa, kutobandika chochote, kutotia dawa ya kulainisha.

Jumatatu iliyofuata Vidole aliingia saluni, akakaa kwenye kiti, akamwambia mwenzake wa kiti cha pili, "Nikate zote zibaki sentimita mbili." Mwenye saluni akainuka mlangoni.

"Na picha je? Bango langu unalikata?"

"Shangazi, bango lenyewe limeoza. Nipige picha hivi hivi."

Shangazi alinuna siku nne. Ya tano akampiga picha, nywele fupi, hereni kubwa, na ikapendwa kuliko zote za ukutani. Sisemi kwamba mambo yalikwenda kama maji. Kuna wateja wanaotaka kukazwa mpaka macho yavutike, na ukilegeza wanasema umewaibia. Mmoja alimwambia, "Nimekuja kusukwa, sikuja kubembelezwa," akahamia saluni ya pili. Lakini Vidole ameshika msimamo. Anasuka nywele za mbele kwa kulegeza, anauliza "inauma?" na ukisema inauma anafumua, hata kama alikuwa amefika nusu. Akikuta mtoto ana mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, hamsuki; anamwambia mama yake hayo yanaambukiza, aende zahanati, naye anaosha chanuo lake kwa dawa. Akikuta vipele vyenye usaha, au baka linalong'aa, au doa la zamani lililobadilika rangi na sura, au nywele zinazotoka kwa mafungu ghafla, anasema, "Hiki si changu, dada. Hiki ni cha daktari, na usingoje mwaka." Zamani angekifunika kwa msuko mzuri na kupokea sifa.

Juzi ilikuwa mwezi wa saba tangu aanze dawa. Tulikwenda Jumatano, nywele wazi, kichwa kikavu. Safari hii mimi ndiye niliyefumba macho. Nikasikia kilenzi kinahama, kinasimama, kinahama.

"Mama, hebu fungua macho," daktari akasema. "Hizi si za wanja, ni za mwanao."

Aliweka picha mbili sambamba. Ya zamani ilikuwa ngozi tupu na vitundu kama mchanga uliochomwa na sindano. Ya sasa, kutoka karibu kila kitundu cha panja, kulikuwa na kiunywele chembamba, kimejikunja, kama kinaona aibu. Utosini hapakuwa na kitu kipya. Duara lilikuwa vilevile, na daktari akalipima kwa rula yake: halijaongezeka hata milimita moja. Akasema dawa ya kupaka inaendelea, na kwamba hapo katikati huenda pakabaki hivyo maisha yote.

Vidole akaikuza picha ya panja kwa vidole vyake viwili, akaitazama kama anavyotazama kazi ya msusi mwingine, bila haraka, akitafuta kosa. "Ni nyembamba," akasema.

"Ni changa. Hata wewe ulikuwa mwembamba ulipozaliwa."

"Alizaliwa mnene," nikasema.

Tukangoja nesi aandike tarehe ya kurudi. Alikuwa ameinama juu ya daftari, na Vidole akawa anamtazama pembeni ya uso.

"Sista, samahani. Nani amekusuka?"

Nesi akatabasamu. "Nimependeza, eh?"

"Umependeza. Hapo kwenye panja panauma?"

Nesi akaacha kalamu. Mkono ukapanda wenyewe mpaka kwenye panja ya kulia, ukakaa pale. "Toka jana," akasema. "Nilidhani ni kawaida."

Vidole akamtazama daktari, na daktari akasukuma kiti kwa mguu. Nesi akakaa. Wagonjwa watatu walikuwa wanangoja kwenye benchi la nje, na mlango ulikuwa wazi, wakawa wanamwona mwanangu, kichwa chake kiko wazi kwa yeyote anayetaka kukitazama, amesimama nyuma ya nesi akifumua mstari wa mbele.